Mshipa Hauui Mtu

Wako watu ambao Mungu aliwapa mdomo kwanza, masikio akasema atawaletea baadaye. Yule kinyozi mdogo wa saluni ya wanaume alikuwa mmoja wao. Wateja walimwita Profesa, na jina lilimkaa. Ukikaa kwenye kiti chake ukataja mpira, atakueleza kocha alikosea wapi. Ukataja mvua, atakueleza kwa nini imechelewa. Na ole wako utaje maumivu ya mgongo, maana hapo umejiroga mwenyewe: utatoka umenyolewa upande mmoja na umeandikiwa dawa tatu. Watu walimcheka, na wiki ya pili walirudi. Mkono wa kunyoa alikuwa nao, lazima haki isemwe.

Mwenye saluni alikuwa kaka yake, mtu mrefu wa maneno haba ambaye sigara haikukauka mdomoni tangu ujana. Huyo walimwita Bosi. Viti viwili, kioo kimoja kirefu, redio juu ya kabati. Mmoja akiongea, mwingine akinyamaza, na biashara ikienda.

Shida ya Bosi ilianzia kwenye sahani. Alianza kuacha nusu ya chakula, akaja akaacha robo tatu, mwisho ikawa vijiko vitatu na sahani inasukumwa. "Nimeshiba." Sasa niambieni, mke gani atasikia neno hilo kila siku kutoka kwa mume aliyeshinda kutwa amesimama, akae kimya? Asubuhi moja alimfuata saluni, akasimama mlangoni mkono kiunoni, mbele za wateja wote.

"Shem, niambie ukweli leo. Kaka yako anakula wapi?"

"Hali popote, shem," Profesa akajibu.

"Anaishi kwa nini sasa, kwa hewa? Huyu ana mchepuko. Huko analishwa, mimi naletewa tumbo lililojaa na vyombo vya kuosha!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio kidogo. Bosi hakujitetea. Alitoka nje akawasha sigara, na mkewe akaondoka na hasira yake na machozi yake.

Jioni, wakifagia nywele, Bosi alimwambia mdogo wake jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Haikuwa shibe. Kila alipokula, nusu saa haikupita kabla tumbo halijaanza kukamuliwa katikati kama nguo, na likamkamua saa mbili nzima. Chakula kingi, maumivu mengi. Kidogo, kidogo. Basi alikuwa amechagua kidogo.

"Mtu mzima mimi," akasema, "naogopa sahani."

Profesa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Shingo imekuwa nyembamba. Mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Aliingiwa na hofu, maana kaka huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, akamfundisha kushika mashine, akampa kiti cha pili bila kumuuliza hata shilingi. Profesa hakuwa na mtu mwingine duniani wa namna hiyo, na alilijua hilo hata kama hakuwahi kulisema.

"Vidonda vya tumbo," akasema. Alitibu vidonda vya tumbo miezi miwili, kwa vidonge vya duka la dawa. Vidonge vikaisha, Bosi akazidi kuisha. Ndipo wakaenda kliniki.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mpole, wa kulitafuta neno kwanza kabla ya kulisema. Alimpima Bosi, akamtuma kwenye picha, akamwita tena. Siku ya majibu walikaa mbele yake wote wawili, na nje ya mlango foleni ilikuwa imefika getini.

"Si vidonda," daktari akasema. "Tatizo lako ni mshipa, mzee. Mshipa wa tumboni. Itabidi ufanyiwe upasuaji."

Profesa akapiga paja. "Mshipa!"

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kosa lote lilizaliwa hapa. Lugha yetu ni tajiri, lakini kwa neno hili ilifanya ubahili. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachokaza shingo ukilala vibaya ni mshipa. Na kile kivimbe kinachomshukia mwanamume kinenani akawa anatembea amepanua miguu, nacho watu wanakiita mshipa. Huo wa mwisho Profesa aliwahi kuwa nao. Alipasuliwa, siku ya tatu akasimama kwenye kiti chake ananyoa, na tangu siku hiyo hapakuwa na mteja asiyeijua hadithi. Walioomba kuona kovu walionyeshwa. Wasioomba pia.

"Ndiyo, mshipa," daktari akaendelea. "Ule unaopeleka damu kwenye…"

"Daktari, usijichoshe," Profesa akamkata. "Mimi mwenyewe nimepasuliwa mshipa. Tunaujua vizuri sana."

Daktari alimtazama, akaitazama foleni mlangoni. Nadhani alishukuru moyoni kwamba leo amepata watu waelewa. "Basi vizuri kama mnaujua. Ila msikae nao. Hospitali kubwa, wiki hii." Akaandika barua, akaipiga muhuri, akaita mwingine.

Nje, Bosi alisimama kwenye jua akiwa ameshika barua asiyoweza kuisoma, maana imejaa maneno ya kidaktari. "Kwa hiyo ni mshipa tu?"

"Mshipa tu, kaka. Umeniona mimi nimekufa? Mshipa hauui mtu."

Bosi akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na Profesa alifurahi kama mtu aliyempa kaka yake zawadi.

Mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawakuficha. Walitangaza, tena kwa sauti, ila walitangaza ugonjwa wa mtu mwingine. Nyumbani, mke alipoambiwa, aliangua kicheko cha aibu. "Kumbe ni mshipa, baba watoto! Na mimi nimekusema mbele za watu kwamba una mchepuko." Akaomba radhi, akaanza kumpikia vitu laini. Saluni nzima ikampa Bosi pole na utani wa kiume, na kila mwenye mjomba aliyepasuliwa mshipa alileta ushuhuda kwamba mjomba ni mzima, tena amezaa.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Kinyozi yeyote atakwambia: wiki ile hakuna kulala. Kila kichwa cha mtoto mtaani kinataka kupunguzwa, mama zao wamejaa kwenye benchi hadi barazani. "Tumalize watoto kwanza, ndipo twende," Profesa akasema, na Bosi akakubali upesi. Barua ikaingia kwenye droo, chini ya boksi la nyembe.

Profesa hakumwacha kaka yake ateseke bila msaada, la hasha. Alimletea mkanda wake wa zamani, ule wa mpira, mpana, wenye kifundo cha kubana kinenani, aliouvaa kabla hajapasuliwa. Kila asubuhi nyuma ya pazia alimfunga kwa mikono yake mwenyewe.

"Mbona nikila bado inauma?" Bosi akauliza siku ya nne.

"Mkanda haujakaza." Akavuta tundu moja zaidi.

Hapo ndipo huwa natamani ningekuwapo nimzabe kofi. Mtu ana maumivu juu ya kitovu, wewe unambana chini ya kitovu, tena unamlaumu kwamba hakubanwa vya kutosha! Lakini alikuwa anampenda. Mapenzi yakikutana na ujuaji, hakuna wa kuyazuia.

Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tatu.

Jumanne, saa nne asubuhi, Bosi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu mkuu mmoja. Siku hiyo hakuwa amekula chochote. Maumivu yalikuja bila chakula, na yalikuja yote kwa mkupuo. Mashine ilimtoka mkononi ikaanguka sakafuni, ikaendelea kunguruma huko chini. Alijikunja juu ya kaunta, jasho likimtoka kama amemwagiwa maji, halafu akatapika.

Profesa alimrukia, na kitu cha kwanza alichofanya, Mungu amsamehe, ni kukaza mkanda.

"Acha!" Bosi akapiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. "Acha, utaniua!"

Aliyewapeleka hospitali kubwa ni yule mwalimu mkuu, kwa gari lake, upande mmoja umenyolewa na upande mmoja una nywele, kitambaa cha saluni bado kiko shingoni. Njia nzima hakuna aliyemcheka.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alibonyeza tumbo mara mbili, uso ukabadilika. Kisha mkono wake ukakutana na mkanda. Akaufungua, akauinua kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mshipa, daktari," Profesa akasema. "Ana mshipa. Barua hii hapa." Alikuwa amekumbuka kuinyakua kwenye droo.

Yule mama akaisoma. Akaisoma tena tarehe. "Mshipa upi unaoujua wewe?"

Profesa akaonyesha kinena chake.

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alichukua boksi tupu la glavu, akachora nyuma ya boksi kwa kalamu: bomba nene linaloshuka kutoka kwenye moyo, na matawi matatu. "Haya yanalisha utumbo damu. Mawili yameziba kabisa, kwa mafuta na sigara za miaka. La tatu lilikuwa limebaki kama uzi. Mtu akila, utumbo unataka damu zaidi, damu haipiti, ndiyo yale maumivu. Leo na ule uzi umeziba. Utumbo wa kaka yako unakufa sasa hivi tunavyoongea. Wiki tatu zilizopita tungemfanyia kwa utaratibu, akapona. Nani aliwaambia msubiri?"

Profesa akauchukua ule mkanda, akauviringisha mkononi.

"Basi. Mkewe yuko wapi? Nahitaji saini."

Mke alikuja anahema, kiatu kimoja kimekatika kamba. Daktari akamweleza upya kwa maneno mepesi. Watachukua mshipa wa damu kwenye paja, wataushona kutoka kwenye lile bomba nene, upite pembeni ya palipoziba, ukafike kwenye utumbo. "Njia kuu ikifungwa, si magari hupitishwa pembeni? Na sisi tutamwekea damu mchepuko."

Mke akamkodolea macho. "Mchepuko?"

"Ndiyo, mama. Njia ya pembeni."

Yule mwanamke alicheka, akacheka, akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. "Mwekeeni," akasema. "Mwekeeni hata mitano. Mimi nimeridhia." Akasaini huku machozi yakilowesha karatasi.

Walimfungua saa saba mchana, wakatoka jioni. Kwenye benchi la korido Profesa alikaa ameinamisha kichwa. Alihesabu vigae vya sakafu, akasahau, akaanza upya. Alimwomba Mungu kwa maneno ya kitoto: mrudishe tu, nitanyamaza maisha yangu yote.

Daktari alikuja amevua kofia, nywele zimelala. "Tumeushona. Damu imepita, nimeuona utumbo ukitoka kwenye kijivu ukarudi kuwa wa waridi. Kipande cha kama mkono mmoja kilikuwa kimeshakufa, tumekitoa. Hatujamfunga tumbo moja kwa moja. Kesho kutwa tunafungua tena kuangalia kama kilichobaki kimeshika uhai. Msishangilie bado."

Lakini nani angeweza kujizuia? Mke alimkumbatia shemeji yake, akamlowesha bega. Na hapo, kwa hasira ya mtu aliyepata nafuu, akaanza: "Yule daktari wenu wa kliniki. Si ndiye aliwaambia ni mshipa? Angesema kuna damu imeziba, mimi ningekaa siku moja? Ningembeba mgongoni!"

Profesa akatazama vigae.

Alhamisi wakamfungua tena. Safari hii hawakukaa hata saa moja. Ukiona wapasuaji wametoka mapema, jua kuna mawili: ama kazi imekuwa ndogo, ama hakuna kazi. Waliitwa kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu na boksi la tishu, na boksi lile peke yake lilitosha kuwaeleza.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya ule mshipa ulioshonwa. Mishipa mingine ya mgonjwa ilikuwa imechakaa kila mahali, ule ulioshonwa haukupata pa kushika. Utumbo wote umekuwa mweusi, mwanzo hadi mwisho. Mtu hawezi kuishi bila utumbo, na hapo hakukuwa na mwingine wa kumpa. Wamemfunga tumbo tu.

"Siku ngapi?" Profesa akauliza.

"Siku moja. Ikizidi, mbili. Tumempa dawa kupitia mgongoni, hatasikia maumivu. Ataamka. Akitaka kitu chochote, mpeni. Hakuna cha kumdhuru tena."

Mke alikuwa amekaa ameshika ncha ya kanga mkononi. "Siwezi kumwambia mimi," akasema. "Mwambie wewe, shem. Wewe ndiye unayejua kuongea."

Bosi aliamka adhuhuri. Macho yalikuwa meupe, mepesi, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa: "Nina njaa."

Nesi akaitikia kwa kichwa. Ukaletwa uji mwepesi kwenye bakuli la plastiki. Profesa akamlisha, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Kwenye kijiko cha sita Bosi akainua kidole. "Subiri." Akageukia saa ya ukutani, akaisubiri ile nusu saa yake. Dakika ishirini. Thelathini. Arobaini.

"Haiumi," akanong'ona. "Mdogo wangu, haiumi! Nimepona."

Ilikuwa haiumi kwa sababu ya dawa, na kwa sababu kilichokufa hakiumi. Profesa aliweka bakuli chini. Angeweza kumwachia furaha ile, na wengi wangemwachia. Lakini alikuwa ameahidi kitu kwa Mungu kwenye lile benchi na Mungu hakukipokea, sasa hakuwa na pa kujificha.

"Hujapona, kaka." Akamwambia yote: utumbo, siku moja, mbili. Kisha akamwambia na lile lingine. Kwamba daktari alikuwa anaeleza, na yeye akamkata kauli. Kwamba ulikuwa mshipa mwingine. "Ni mimi, kaka. Si ugonjwa. Ni mimi."

Bosi aliitazama tena ile saa ya ukutani. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, na Profesa hakuthubutu kuushika.

"Mke wangu anajua?"

"Hajui. Nitamwambia leo."

"Usimwambie."

"Kaka, siwezi kukaa na…"

"Utaweza." Sauti haikuwa na huruma, wala haikuwa na chuki. "Ukimwambia atakufukuza, na atakuwa na haki. Halafu saluni atanyoa nani? Watoto watakula wapi? Umeniua, sawa. Basi nilelee wanangu."

Profesa akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti, mpaka nesi akaja kuchungulia. Bosi alimwacha alie. Alipomaliza, akamwambia: "Lete uji."

Alikufa Ijumaa mchana, jua likiwa utosini. Mke wake na watoto walikuwepo.

Jioni ile, watu wakianza kukusanyika nyumbani, mke alimvuta Profesa jikoni, akafunga mlango. Macho yalikuwa yamekauka. Mkononi alikuwa na ile barua ya kliniki, hospitali walikuwa wameirudisha pamoja na nguo za marehemu.

"Shem, nimefikiri. Tukishazika, naenda kumshitaki yule daktari. Kijana mdogo anacheza na roho za watu! Namtaka afukuzwe kazi, asimguse mgonjwa tena maisha yake. Lakini wataniuliza nimejuaje, mimi sikuwepo. Ulikuwepo wewe." Akamtazama usoni. "Niambie sawasawa. Alisema nini?"

Nyuma ya mlango mtu alikuwa anawauliza watoto kama wamekula. Profesa aliwasikia.

"Alisema mshipa," akajibu. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Shemeji yake akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki," akasema. "Basi wewe ndiye shahidi wangu."